Shajara ya ghala: kamba ya mafundo matatu

Alhamisi, 10 Julai 2025

Leo ni mbalamwezi. Mwezi ukipevuka hivi dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni, na hapa ghalani kwetu Kirumba, Mwanza, hakuna gunia linaloingia. Kwa siku kama kumi tunafagia, tunashona magunia yaliyochanika, tunasubiri giza lirudi. Mama mwenye ghala ameniruhusu nizitumie siku hizi kwa jambo nililomwomba tangu Aprili: kupatengeneza mahali pa kazi pa wenzetu wenye ulemavu. Sharti lake ni kwamba niandike kila hatua na kila shilingi. Basi naanza.

Tuko 41. Wanne wana ulemavu unaojulikana na kila mtu. Dada wa lebo, miguu yake ilidhoofu kwa polio akiwa mdogo. Dada mmoja wa kuchambua ni kiziwi. Kijana wa chanja, pale tunapoanikia dagaa, ana ualbino. Na mzee wa magunia, ambaye mkono wake wa kushoto unaishia kwenye kiwiko tangu ajali ya pikipiki. Majina yao siyaandiki. Wamenikubalia niandike kazi zao na shida zao tu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi asipungukiwe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu kati ya wafanyakazi wake. Kwa hesabu hiyo tumeshavuka. Mkaguzi akija, daftari la ajira ni safi kabisa. Lakini nimekaa jana na daftari la malipo, na wanne hao ndio wa mwisho wiki baada ya wiki. Hapa kwetu wachambuaji na wafungaji wanalipwa kwa kilo na kwa katoni. Mtu akicheleweshwa na mlango, au na meza, au na mwito asiousikia, anapungukiwa mfukoni jioni ileile. Nimesimama nao zamu moja miaka mitatu. Wavivu siwaoni.

Jumamosi, 12 Julai

Nilianza vibaya kidogo. Nilikuwa nimeandaa orodha yangu mwenyewe ya vitu vya kununua, nikamwendea Dada wa lebo nikamsomea. Kiti chenye mto. Feni. Meza mpya. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kaka, meza mpya nitashukuru. Ila mimi sina shida ya kazi, nina shida ya mlango.”

Mlango wenyewe ni wa choo. Akaniambia twende nikaone.

Baiskeli yake ya miguu mitatu, ile ya kuendesha kwa mikono, anaiacha getini. Humo ndani anatumia kiti mwendo. Kufika chooni kuna kizingiti cha saruji, na mlango ni mwembamba kuliko kiti. Kwa hiyo anashuka, anavaa kandambili mikononi, anajikokota kwenye sakafu ambayo muda wote ina maji ya kuoshea makreti. Ndiyo sababu, akasema, tangu saa 12 asubuhi anapotoka nyumbani hanywi maji mpaka arudi saa 11 jioni. Miaka minne. Nimewahi kumkaripia kwa kusinzia mchana kwenye lebo. Sikujua kwamba nilikuwa namkaripia mtu mwenye kiu.

Nimeifuta ile orodha. Wengine watatu nitawauliza swali moja tu: nionyeshe siku yako inakwama wapi.

Jumatano, 16 Julai

Siku ya vipimo. Nilikuja na tepu. Dada wa lebo akaja na kamba.

Ni kamba ya katani, urefu wa pima moja hivi, aliyoifunga mafundo matatu nyumbani kwake jana usiku. Kutoka mwanzo wa kamba hadi fundo la kwanza ni upana wa kiti chake, na vidole vyake vikiwa vimeshika magurudumu kwa nje. Hadi fundo la pili ni kimo cha magoti yake akiwa ameketi. Hadi la tatu ni umbali ambao mkono wake unafika bila kuegemea mbele. “Vidole usivisahau,” akaniambia. “Mafundi wote wanapima kiti. Kiti kinapita, vidole vinachubuka.”

Tumezunguka ghala lote na kamba hiyo. Upana wa kiti ni sentimita 64, na pamoja na vidole ni 74. Mlango wa choo una 60. Meza ya lebo ina mbao ya kukazia miguu ambayo inagonga fundo la pili, kwa hiyo muda wote anakaa upande upande, kiuno kimepinda. Rafu ya karatasi za lebo iko mbali na fundo la tatu kwa kiganja kizima, ndiyo maana kila mara anamwomba mtu amshushie bunda. Mbao ya meza nimeing'oa leoleo kwa nyundo. Rafu imeshushwa kabla ya chakula cha mchana. Kazi ya robo saa, na imesubiri miaka minne.

Jumamosi, 19 Julai

Rampu ya choo imejengwa, na haifai. Naandika ukweli.

Kizingiti kina kimo cha sentimita 30. Kanuni ya mafundi wanaojua ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele, yaani kwa 30 unahitaji mita 3 na sentimita 60. Fundi niliyemleta alitazama nafasi, akaona mbali, akajenga mita moja na nusu. Mimi nilikuwa sokoni Mwaloni kufuatilia mizigo, niliporudi saruji ilikuwa inakauka. Dada alijaribu kupanda. Magurudumu ya mbele yaliinuka, kiti kikaanza kurudi nyuma, nikakidaka kwa kifua. Hakuumia. Lakini alitetemeka, na mimi pia.

Saruji mifuko mitatu imepotea. Itavunjwa mbalamwezi ijayo, maana kuanzia kesho kutwa mzigo unaanza kuingia na uwanja hautakuwa na nafasi.

Alhamisi, 24 Julai

Giza totoro, na dagaa wamejaa. Magunia kutoka visiwani, kutoka Ukara, kutoka Goziba, guta za mizigo moja baada ya nyingine tangu alfajiri. Leo niliamua kusimama nyuma ya dada anayechambua, nione siku yake inakwama wapi.

Ilikwama saa 1 na dakika 10 asubuhi. Mlinzi alipaza sauti, “Mzigo!” Wanawake 14 waliinuka kwa pamoja na kukimbilia getini, kwa sababu anayefika kwanza anachagua gunia, na gunia lenye furu wachache, wale samaki wengine wadogo wanaochanganyika na dagaa, na mchanga mdogo unalimaliza kwa nusu ya muda. Yeye alikuwa ameinamia chekeche. Aliona kivuli cha jirani yake kikipita, akainua macho, akakuta meza zote tupu. Alipofika getini yalibaki magunia mawili ya mwisho, mazito kwa mchanga. Ikawa hivyo mara sita siku nzima. Niliandika kilo zake na za jirani yake. Sitaziweka hapa, ila jioni nilikwenda nazo kwa mama mwenye ghala na hakusema neno kwa muda.

Tena kuna kengele ya moto. Tuliifunga ukutani kwa ajili ya ukaguzi, inalia mpaka mtaa wa pili. Yeye haisikii kabisa. Ingetokea ajali kwenye jiko la kukaangia, tungekuwa nje tunahesabiana na yeye bado anachambua.

Jumatatu, 28 Julai

Taa! Jirani yetu mvuvi ametupa taa yake ya kuvulia, hizi za siku hizi zenye betri na paneli ndogo ya sola, zilizochukua nafasi ya karabai. Kioo kimepasuka pembeni, haifai tena kuelea ziwani, lakini inawaka vizuri. Tumeitundika juu ya meza za kuchambulia, swichi iko mkononi mwa mlinzi getini. Guta likikata kona, anawasha na kuzima mara tatu. Umeme wa mtaani ukikatika, hii haijali.

Taa inayomwita dagaa usiku sasa inamwita dada yetu mchana. Leo amefika getini wa tatu. Alichagua gunia lake akaliburuta mwenyewe, na aliponipita alinigonga bega kwa ngumi, kwa furaha.

Ya moto tumeiweka mbali na hiyo: balbu nyekundu, moja ukutani mbele ya meza yake na moja stoo, zimeunganishwa na kengele na zina betri yake. Fundi umeme amechukua 85,000 pamoja na nyaya.

Jumamosi, 2 Agosti

Mzee wa magunia. Kazi yake ni kushona midomo ya magunia kwa mashine ya mkono, ile ya umeme yenye uzito wa kilo tano hivi. Mwenye mikono miwili anashika mashine kwa mmoja na kunyoosha gunia kwa mwingine. Yeye alikuwa anabana gunia kwa magoti, anakandamiza mashine kwa bega, uzi unakwenda kombo, anafumua, anaanza upya.

Nilimuuliza swali langu. Akajibu, “Mwanangu, mashine hii ingekuwa na mtu wa kuibeba, mkono mmoja unanitosha.” Nikamwambia, shikamoo mzee, basi tumtafute huyo mtu. Akacheka.

Mtu mwenyewe ni kapi. Fundi wa kuchomelea kutoka Mabatini amefunga chuma kwenye kenchi, kamba inapita kwenye kapi, upande mmoja mashine, upande mwingine kopo la rangi lililojazwa mchanga mpaka uzito ukalingana. Sasa mashine inaning'inia kifuani pake kama haina uzito. Ukiisukuma kwa kidole inakwenda. Ukiiachia inabaki palepale. Kwa ajili ya gunia, ametengeneza vibano viwili vya chuma chakavu vinavyofunguka kwa kukanyaga. Mzee anapachika mdomo wa gunia, anaachia kanyagio, gunia limesimama limenyooka kama mtu gwarideni.

Nilitegemea kufurahi kwa ajili ya mzee. Sikutegemea foleni. Kufikia saa 8 mchana vijana wawili wa kushona, wenye mikono miwili mizima, walikuwa wanamwomba mzee awaachie kidogo, maana mabega yao huuma kila jioni. Mama ameagiza kapi mbili zaidi.

Jumatano, 13 Agosti

Mbalamwezi imetupa nafasi. Nane Nane tulifunga, wengine walikwenda viwanja vya Nyamhongolo, na kuanzia Jumamosi tukavunja rampu ya kwanza.

Hii ya pili niliisimamia sentimita kwa sentimita. Mita 3.6 moja kwa moja hazikupatikana, kwa hiyo inakwenda mita 1.8, inafika kwenye jukwaa la bapa la mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, inageuka, na kumalizia mita 1.8 nyingine. Jukwaa hilo ni la kupumzikia na kugeuzia kiti. Pembeni kuna ukingo wa tofali moja ili gurudumu lisiponyoke. Uso wa saruji umepigwa ufagio ukiwa mbichi ili usiteleze. Mlango sasa ni wa sentimita 90 na unafunguka kwa nje, kwa sababu ukifunguka kwa ndani kiti kikishaingia huwezi kuufunga. Hilo la mlango kufunguka kwa nje Dada alilisema mwezi uliopita na mimi nililiandika pembeni bila kulielewa. Leo nimeketi kwenye kiti chake, nikajaribu, nikaelewa. Ndani kuna mabomba mawili ya chuma ya kushikia, na kimo chake kimepimwa kwa mkono wake.

Saa 9 alasiri alipanda peke yake. Akafunga mlango. Sote tulijidai tuna kazi nyingine.

Jioni nilimkuta kwenye meza ya lebo na chupa ya maji ya lita moja na nusu, imebaki robo.

Jumatano, 27 Agosti

Hapa nilikosea mimi, na wiki nzima imempotea kijana wa watu.

Kijana wa chanja ana miaka 22. Kazi yake ni kuwaanika na kuwageuza dagaa, yaani kusimama juani, na jua la Mwanza, karibu na ikweta hivi, halimwachi mtu mwenye ngozi isiyo na rangi ya kuikinga. Saratani ya ngozi huwapata watu wenye ualbino mapema, hilo nilishalisikia. Kwa hiyo Jumatano iliyopita nikamtoa chanjani nikampeleka stoo, kivulini, kusoma mizani. Nilijiona nimefanya wema. Swali langu lile nililowauliza wengine wote yeye sikumuuliza.

Leo amenifuata. “Bosi, umenitoa juani ukaniweka gizani. Macho yangu yanataka mwanga, ila mwanga usinipige usoni.” Stoo ina dirisha moja, na liko mbele ya mizani, kwa hiyo anatazama tarakimu na jua la dirisha linamkabili. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu pia, macho yenyewe hayatulii na mwanga mkali unayasumbua. Alikuwa anainamisha uso mpaka unagusa kioo cha mizani. Alikosea uzito mara tatu, akakatwa. Na posho ya chanja ilikuwa imeshaondoka.

Tumekaa chini ya mwembe tukapanga upya, yeye akisema na mimi nikiandika. Chanjani atafanya kazi saa 12 asubuhi hadi saa 3, kisha tena kuanzia saa 10 jioni, na posho yake inabaki. Katikati ya siku anasoma mizani, lakini mizani imehamia baraza ya kaskazini, mwanga unatoka mgongoni, na tumenunua mizani yenye tarakimu kubwa. Bei kwenye lebo anazisoma kwa kuzikuza na kamera ya simu. Kofia ya ukingo mpana na shati la mikono mirefu ni vya kampuni, kama mabuti yalivyo vya kampuni. Mafuta ya kukinga jua pia: yapo yanayotengenezwa hapa nchini, hospitali ya KCMC, Moshi, yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa. Anajipaka kabla ya kutoka, na kila saa mbili anarudia. Kopo linakaa ofisini kwangu, maana stoo ya bati huwa jiko.

Makato yake ya wiki amerudishiwa.

Akaongeza jambo moja kwa sauti ya chini. Zamu za usiku hataki, na si kwa sababu ya macho. Kanda hii ya Ziwa watu hawajasahau miaka ile ya 2007 hadi 2009, watu wenye ualbino walipokuwa wanauawa kwa imani za kishirikina. Yeye alikuwa mtoto, mama yake alikuwa anamfungia ndani. Nimeandika kwenye ratiba: hana zamu ya usiku, na akichelewa kutoka anasindikizwa hadi kituo cha daladala. Hakuna atakayemdai maelezo.

Jumatano, 3 Septemba

Manung'uniko yamefika mezani kwangu. “Mbona wale wanne kila wiki wana kitu kipya? Sisi hatuchoki?” Sikutaka kuyazima kwa ukali, kwa sababu anayelipwa kwa kilo ana haki ya kutazama mizani ya mwenzake. Tukaitisha kikao, na mkalimani wa lugha ya alama akaja, tuliyempata kupitia Chama cha Viziwi, CHAVITA. Ni mara ya kwanza tangu ghala lifunguliwe kikao chetu kuwa na mkalimani.

Dada wa kuchambua aliomba kusema. Kwa miaka yote watu walidhani hana la kusema vikaoni. Mkalimani akatoa sauti yake: “Mnasema nimepewa taa. Nyinyi mlikuwa na kengele ya bure miaka yote, sauti ya mlinzi. Mimi nilikuwa nachagua gunia mlilolikataa.” Mama mmoja, aliyekuwa wa kwanza kunung'unika, akainamisha kichwa. Baadaye nilimwona akimuuliza mkalimani alama ya “samahani.”

Baada ya kikao mama mwenye ghala alinibakiza. Alitaka kujua mzigo wake unaishia wapi. Nikamweleza ninavyojua: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazungumzia marekebisho yanayofaa, yaani yale yanayohitajika kwa mtu fulani, kwa jambo fulani, bila kumlemea mwajiri kupita kiasi. Kumnyima mtu marekebisho hayo kunahesabiwa kuwa ubaguzi. Akaniuliza, kupita kiasi ni kiasi gani? Tukafungua daftari. Mpaka leo, pamoja na ile rampu iliyovunjwa, ni shilingi 1,312,000, na zaidi ya nusu ni choo, ambacho hata mama wajawazito na wazee wamekihamia. Gunia za dagaa zilizooza Aprili kwa kukosa turubai zilitugharimu zaidi ya hapo, na hakuna aliyeitisha kikao. Akasema tuendelee.

Jumatatu, 8 Septemba

Jana usiku mwezi ulipatwa. Saa 3 hivi ulikuwa mwekundu juu ya ziwa, watu wametoka nje wote Kirumba. Leo asubuhi mazungumzo yalikuwa hayo, na mmoja akasema kwamba mwezi wa namna hiyo unawaamsha wenye kifafa, tena mtu asiguse povu lao. Wengine wakaitikia. Nikasema hapana, kifafa ni ugonjwa wa ubongo na hauambukizwi kwa povu wala kwa kitu kingine. Nikaendelea na kazi.

Saa ya chakula mtu mmoja akaniomba tuongee pembeni. Nina ruhusa yake kuandika hivi tu: ana kifafa tangu utotoni, anatumia dawa, na amekificha miaka yote aliyokuwa hapa. Ameniambia kwa sababu aliona rampu. “Nikasema, hapa labda mtu anaweza kusema.” Kumbe tulikuwa na watano. Huenda tuna zaidi.

Anafanya kazi kwenye sufuria la kukaangia, mafuta ya moto mbele na moto chini. Nilihisi baridi mgongoni. Nikamuuliza swali langu. Hataki kupumzishwa, hataki kupunguziwa malipo, hataki watu wajue. Anataka mambo matatu: atoke kwenye mafuta, asipangiwe usiku na asubuhi yake mfululizo kwa sababu kukosa usingizi kunamletea degedege, na awepo mtu anayejua la kufanya.

Kesho anahamia kwenye kufunga katoni, kwa malipo yaleyale. Kwenye ratiba nimeandika “mabadiliko ya kawaida ya zamu,” na wengine wanne nimewahamisha siku hiyohiyo ili asionekane yeye. Karatasi yake iko kwenye droo yenye ufunguo.

La tatu tumelifanya kwa ghala zima, kama sehemu ya huduma ya kwanza: mtu akianguka na kutikisika, ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, mlaze ubavu akitulia, tazama saa. Ikizidi dakika tano, au ikirudi kabla hajapata fahamu, ni hospitali, na Sekou Toure haiko mbali. Mzee wa magunia ndiye aliyelala sakafuni kuwa mgonjwa wa mfano. Alifanya vizuri.

Jumanne, 23 Septemba

Leo dunia inaadhimisha Siku ya Lugha za Alama. Sisi tumeadhimisha kwa kujifunza alama kumi: gari, gunia, subiri, moto, maji, chakula, uzito, malipo, asante, hatari. Mwalimu ni dada yetu mwenyewe, robo saa kila asubuhi kabla ya mzigo, na robo saa hiyo analipwa. Mlinzi ana vidole vigumu, “malipo” yake inafanana na “hatari”, na dada humrudisha tena na tena bila kuchoka. Wasichana wawili wa kufunga wameshawapita wote, sasa wanasengenyana kwa alama katikati ya kelele za mashine, wakiwa pande mbili za ghala.

Kilo zake mwezi huu ziko katikati ya orodha.

Jumatano, 8 Oktoba

Mbalamwezi tena, ya nne tangu nianze. Mvua ya kwanza ya vuli ilipiga juzi usiku, na imetuonyesha tulichokisahau: kutoka getini hadi barazani ni udongo. Baiskeli ya Dada wa lebo ilizama hadi ekseli, vijana wakaibeba na yeye juu yake. Hakupenda. “Kubebwa nilishaacha,” alisema. Tumepata mchanga na kokoto za guta mbili, na mawe bapa Mwanza hatukosi. Njia itakuwa na upana wa mita moja na nusu, imeinuliwa katikati ili maji yashuke pembeni.

Yaliyobaki: kapi ya tatu haijafungwa. Balbu nyekundu ya stoo imeungua, nimeagiza nyingine. Kijana wa chanja anahitaji miwani ya jua iliyopimwa, nimemwombea siku kliniki ya macho, hospitali ya Bugando. Mama anataka kuajiri wawili kabla ya mwaka kwisha na amekubali tangazo liandikwe kwamba watu wenye ulemavu waombe, na kwamba marekebisho yapo. Nitalipeleka kwa SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, wa hapa mkoani ili lisiishie kwenye mti wa getini kwetu.

Fundi wa Mabatini alipita mchana kuchukua salio lake. Amepata kazi ya kutengeneza meza za karakana ya ushonaji huko Igoma, na mmoja wa mafundi cherehani anatumia kiti mwendo. Aliomba aazimwe ile kamba ya mafundo matatu, akapimie.

Dada wa lebo aliitoa kwenye mfuko wa aproni, akaitazama, akairudisha. Akakata kipande kingine cha katani kwenye roli la kamba za magunia, kitupu, hakina fundo hata moja, akamkabidhi.

“Mpelekee. Mafundo afunge mwenyewe.”

Kesho saa 1 asubuhi: kokoto.